Skripti ya Malka Guracha

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha pembeni cha pikipiki.

Ya pili ilipita juu ya bega la Abdia, ikavuma, ikapotelea kwenye mikoma.

Yamaha DT iliruka shimo, ikatua vibaya, ikayumba. Abdia Jatani alibana mapaja, akauma meno, akafungulia mafuta mpaka mkono ukagoma kuzunguka zaidi. Nyuma yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa inakuja kutoka Minjila kama gari la harusi lililochelewa. Watu watatu ndani. Mmoja alikuwa nusu nje ya dirisha, bunduki ya G3 mkononi, mdomo wazi kwa matusi.

"Simama, mwizi we! Simama nikuonyeshe!"

Hakusimama. Nani asimame aonyeshwe?

Chini ya shati lake, imebanwa na mkanda, kulikuwa na diski ya Zip, bapa, ya bluu, isiyozidi kiganja. Tarishi wa kampuni ya Orvik alikuwa bado ananawa mikono ale pilau pale Minjila wakati mkoba wake ulipopungua uzito. Alipogeuka, kiti cha jirani kilikuwa kitupu na pikipiki ilikuwa inanguruma nje.

Risasi ya tatu ikachimba vumbi mbele ya gurudumu.

Basi, yatosha. Abdia alikata kushoto, akaiacha barabara.

Ilikuwa Machi, mwaka wa tisini na tisa. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yameondoka na madaraja, kisha jua likaja kuchukua kilichobaki. Udongo mweusi wa tambarare ulikuwa umepasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mgeni akiingia humo na gari, aombe dua kwanza. Lakini Abdia hakuwa mgeni. Alizaliwa huku, akachunga ndama huku, na alijua kwamba mbele palikuwa na korongo lililochimbwa na mafuriko, na juu yake wachungaji walikuwa wamelaza magogo ya mkoma ili ndama wavuke.

Upana wa kwato. Basi.

Alipita juu yake bila kupunguza mwendo.

Land Cruiser haikupita. Alisikia breki, akasikia matusi, kisha akasikia chuma kikigonga udongo huko chini kabisa. Hakugeuka kutazama.

*

Chumba cha nyuma cha hoteli pale Garsen kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na joto la kuivisha mayai. Abdia alifunga mlango, akauegemeza kwa kiti, akafungua kompyuta yake ya Toshiba. Ndani ya diski mlikuwa na faili moja tu. Akaifungua.

Kompyuta ikafikiri. Ikafikiri tena. Ikakataa. Faili ni kubwa mno, ikasema.

"Kwani umemeza nini wewe?" Abdia akanong'ona.

Haikuwa barua. Ilikuwa skripti: maagizo ya kubadilisha rekodi zilizokwisha ingizwa kwenye databesi mpya, mstari kwa mstari, maelfu juu ya maelfu, ambayo mashine huyasoma na kuyatii bila kuuliza swali. Kitu cha namna hiyo hakifunguliwi kikasomwa kama gazeti. Akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaiagiza kompyuta imtafutie neno moja tu humo ndani.

MALKA.

Mashine ikatapika majibu mpaka skrini ikajaa.

Abdia alisoma. Akatoa simu ya Iridium, nene kama kiatu cha askari, akaitoa antena dirishani iitazame mbingu.

"Kipungu anaita Kiota."

"Kiota anasikia." Sauti ya Bwana Kenga, mkuu wa Idara, ilikuja na mikwaruzo. "Sema upesi."

"Ninayo, bwana mkubwa. Ni kweli tupu. Njia zote za mifugo za Delta ya Tana, kuanzia Malka Guracha: futa. Halafu mashamba ya ukingoni, yote ya Wapokomo: hamisha. Yanakwenda kwa Orvik."

Kenga akikasirika hapigi kelele. Anapumua.

Mwaka huo kila ofisi ilikuwa inauogopa mwaka elfu mbili, ikisemekana kompyuta za zamani zitaamka asubuhi hiyo hazijui hata tarehe. Kwa hiyo rekodi za ardhi ya Delta zilikuwa zinahamishiwa kwenye mashine mpya, na Orvik, kampuni ya ng'ambo, ikajitolea kuzihamisha bure. Kwa mapenzi tu, walisema. Programu yao ilikuwa ndogo, ya kawaida. Jambo moja tu ndilo lililomfanya Kenga akune kidevu. Programu ikisakinishwa huendesha skripti zake yenyewe. Hii ilikuwa na skripti kubwa kiasi kwamba kisakinishi kilikuwa kinapaliwa katikati na kufa. Ndipo Orvik wakaomba ruhusa waiendeshe kwa mkono, kando, kambini kwao, bila mtu kuwasimamia.

"Wana nakala nyingine, wameanza asubuhi hii," Kenga akasema. "Alasiri wanakabidhi. Wakishakabidhi, mashine ya zamani inazimwa, na kilichomo kwenye mpya ndicho sheria. Sasa nisikilize. Wameiandika iwe mzigo mmoja, hawakutaka mtu aone kazi nusunusu. Mpaka mstari wa mwisho usomwe, mashine imeshika kila kitu kama mtu aliyejaza maji mdomoni hajayameza. Ukiikatiza, inayatema yote. Ikishameza, imemeza."

"Nikate umeme?"

"Jenereta mbili. Na betri ya akiba, UPS kubwa kama jokofu. Ukikata huku, kule kunashika. Watakuua bure, kisha waanze upya."

"Watu wako?"

"Wamekwama hapa Malindi wanangoja msafara wa askari, majambazi wa shifta wako barabarani. Watakuja. Usiwangojee." Akashusha pumzi. "Fundi wao ni Chande, Mpokomo wa Golbanti. Wamemwambia anawalindia wa kwao mashamba yasiliwe na ng'ombe. Bosi ni Harmse. Huyo kompyuta haijui. Anajua kuua. Na Abdia..."

"Naam."

"Mtoto hajambo. Amekunywa uji, amelala mgongoni kwa mke wangu."

Abdia alifumba macho. Mara moja tu.

"Kipungu amekata."

*

Malka ni pale ng'ombe anapoteremkia mtoni. Pande zote mbili ni mashamba ya wakulima, ndizi na mpunga na maembe, na katikati mmeachwa njia pana ili mfugaji asikanyage jasho la mwenzake. Hakuna aliyeipima kwa kamba. Mkulima anajua halimi hapo. Mfugaji anajua hapotoki hapo. Malka Guracha ilikuwa hivyo tangu babu yake Abdia hajaota meno. Ifungeni kiangazi hiki, na kabla mvua haijanyesha ng'ombe watakuwa mifupa, na watu wa pande mbili watakuwa wanazikana.

Ng'ombe wenyewe walikuwa njiani.

Aliliona vumbi lao kutoka mbali. Walikuwa wa fora, wale wa malisho ya mbali wasiokaa bomani, waliotembea siku kadhaa bila tone. Mbele yao alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, mkuki begani.

Dadacha. Kaka yake.

Abdia alizima pikipiki. "Nagaa, kaka."

Dadacha hakuitikia salamu. Alimtazama kuanzia buti mpaka kichwani, akatema mate pembeni.

"Wewe nani?" akasema kwa Kiswahili, makusudi, kama anavyosemeshwa mgeni.

"Unanijua."

"Mimi najua dada moja. Yeye kwisha olewa na serikali. Yeye kwisha kufa."

"Basi sikiliza maiti. Wazungu wamefunga malka kwa waya. Wana bunduki. Wazuie ng'ombe hapa mpaka nirudi."

Dadacha akacheka, cheko la mtu ambaye midomo imempasuka kwa kiu. "Zuia? Wewe kwisha sahau kila kitu huko Nairobi? Hii ng'ombe nasikia harufu ya maji. Mimi siyo napeleka yeye. Yeye napeleka mimi."

"Watawapiga risasi!"

"Basi wewe enda ongea na bwana yako serikali. Enda! Kimbia!"

Ni mke wa Dadacha, Qabale, aliyemfuata Abdia nyuma ya punda wa mizigo. Mwanamke huyo hakuwa na maneno mengi. Alivua mtandio wake akamvika Abdia, akamvua buti, akampa ndala zake na dumu la maziwa lenye mdomo mpana.

"Wanawake wa maziwa wanaingia huko kila siku," akasema. "Hakuna anayetutazama usoni." Kisha, akimfunga fundo: "Nasikia una mtoto. Anaitwaje?"

"Mumina."

"Jina la mama yenu." Qabale akatabasamu kidogo. "Dadacha hajui. Nitamwambia nikitaka kumliza."

Abdia aliifunga Beretta yake kwa nailoni, akaitumbukiza ndani ya maziwa. Pikipiki aliificha kwenye mikoma karibu na kambi, akamalizia kwa miguu.

*

Watu wa Orvik walipotafuta mahali pa kupiga kambi, walichagua uwanda mgumu, uliokanyagika vizuri, usio na mti wala kibanda, unaoteremka taratibu mpaka majini. Waliona bahati iliyoje! Hawakujiuliza ni nani aliyeukanyaga.

Getini palikuwa na mlinzi kijana, kofia kisogoni. Jina lake lilikuwa limeshonwa kifuani: Baya.

"Mama maziwa! Leo umechelewa. Ya moto au ya baridi?"

"Ya ng'ombe."

"Alaa! Mama ana mdomo huyu." Akachovya kikombe chake mdomoni mwa dumu. Abdia alishika pumzi. Kikombe kikatoka kimejaa, hakikugonga chuma. "Haya pita. Jikoni, usizurure. Bosi leo ana hasira za simba."

Hakwenda jikoni.

Hema kubwa lilikuwa katikati, na mashine ya baridi ilikuwa inanguruma ubavuni pake. Ndani, juu ya meza ya chuma, ilikaa seva ya Compaq, taa zake za kijani zikipepesa. Mbele yake, kijana mwenye miwani alikuwa amekodolea skrini macho mekundu.

"Nani kamruhusu huyu?" Chande aliuliza bila kugeuka. "Ng'ombe wenu mnanuka nao mpaka kwenye kompyuta? Toka nje."

"Skripti imefika wapi, Chande?"

Kiti kikalia. Akageuka taratibu.

"Wewe ni nani?"

"Mtu wa serikali. Na ndiyo, ni Mworma, umenusa vizuri. Malka Guracha imeshapita?"

"Zamani! Imefutwa." Alilisema kwa ladha, kama anatafuna muwa. "Mwaka jana ng'ombe wa baba zako walikula mahindi ya mama yangu mpaka bua. Tulilala njaa. Sasa mtakunywa mchanga."

"Na mama yako atalima wapi?"

"Golbanti. Kwenye shamba lake."

"Fungua dirisha la pili. Ile faili ni kubwa, haitafunguka, itafute kwa neno. Andika Golbanti."

"Unanifundisha kazi?"

"Wewe ndiye uliyeletewa mzigo umefungwa ukaambiwa uendeshe tu. Umewahi kuusoma wote? Andika."

Chande alisonya. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuanza. G, O, L. Mashine ikatafuta. Akasoma mstari mmoja. Akasogea karibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Jina la mama yake lilikuwa hapo, Tuneya, na baada yake neno hamisha.

"Hii... hii iko mbele kidogo tu. Bado haijafika," akasema. "Waliniambia..."

"Waliniambia mimi pia mengi," sauti nzito ikasema mlangoni. "Weka mikono kichwani, mama maziwa."

*

Harmse alikuwa na shingo ya fahali na macho yasiyopepesa. Bastola ya Glock ilionekana ya kuchezea mkononi mwake. Nyuma yake alisimama yule mtu wa G3, uso umejaa matope na damu kavu.

"Ni yeye," mtu wa G3 akasema. "Ndiye aliyetutumbukiza korongoni. Niachie mimi, bosi."

"Ngoja." Harmse alimzunguka Abdia kama anayenunua mbuzi. Kiswahili alijifunza kwenye vita vya watu wengine, akakisema hivyo hivyo, kwa kupiga. "Wewe iko na diski yangu. Iko wapi?"

"Nimeila."

Kofi likamtoa damu mdomoni. Dumu likasukumwa kando kwa teke, likakaa wima chini ya meza.

"Nyinyi watu hapana jua kutumia hii mto," Harmse akasema. "Miaka mia na ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Mimi nitaweka miwa. Pampu. Uwanja ya ndege. Saa tisa mkubwa wa mradi anakuja kuweka sahihi. Wewe utakuwa ndani ya mamba."

"Chande," Abdia akasema, macho yake kwa fundi, "bado mbali?"

"Nyamaza!" Harmse akamgeukia Chande. "Bado mbali?"

"Sehemu ya mwisho kubwa imebaki. Mashamba." Chande hakuinua uso. "Haichukui muda."

Hapo ndipo ardhi ilipoanza kunguruma.

Kwanza ilikuwa kama lori la mbali. Kisha zikasikika kengele za mbao. Kisha mlio ambao Abdia aliujua kabla hajajua jina lake mwenyewe, mlio wa ng'ombe mia kwa mia wanaouona mto baada ya kiu.

Chande alisimama. "Nilikuambia usipige kambi hapa. Siku ya kwanza nilikuambia."

"Kwenye ramani hakuna njia!" Harmse akafoka.

"Kwenye ramani yako! Wewe ndiye uliyeniambia niifute!"

Nje, bunduki zikalia. Ng'ombe wa mbele akaanguka, na wa pili. Wa nyuma hawakujua na hawakutaka kujua. Waya ulikatika kwa mlio wa zeze lililokatika uzi. Vumbi likaingia hemani. Mtu wa G3 alichungulia nje, akaona pembe, akasahau bosi, akasahau bunduki, akatoka mbio upande wa pili.

Jenereta ya kwanza ikakohoa. Ikalala ubavu.

Ya pili ikashika.

Ikanguruma kidogo, kisha ikapiga yowe la chuma, kisha hapakuwa na kitu. Mashine ya baridi ikafa. Kando ya meza betri ya akiba ikaanza kulia: pii, pii, pii.

Skrini ilikuwa bado inawaka. Mistari ilikuwa bado inapita.

"Betri itakaa?" Harmse akauliza. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Kidogo," Chande akasema.

"Itafika mwisho?"

"Huenda ikafika, huenda isifike."

Kwa mara ya kwanza macho ya Harmse yakapepesa. Alimshika Chande ukosi, akamsukuma kwenye kiti, akamwekea Glock kisogoni. "Fanya kitu!"

Abdia alikuwa amepiga magoti, damu kidevuni. Alicheka. Si kwa sauti. Vya kutosha tu.

"Wewe nacheka nini?"

"Nakucheka wewe. Malka imeshafutwa, kijana mwenyewe kasema. Ulichokitaka unacho. Si umwambie asimamishe hapo ilipofika, atie muhuri, uondoke? Unangoja nini, chai?"

Harmse akamkazia macho. "Kwa nini nasaidia mimi?"

"Sikusaidii. Yule nje ni kaka yangu, na watu wako wanampiga risasi. Maliza mambo yako utokomee. Nusu ya wizi si wizi?"

Pii, pii, pii. Kasi zaidi sasa.

"Inawezekana?" Harmse akamuuliza fundi. "Kusimamisha?"

Chande aliinua macho. Hayakwenda kwa Harmse. Yalikwenda kwa yule mwanamke wa Kiorma aliyepiga magoti, ambaye dakika chache nyuma Chande alikuwa anamtakia anywe mchanga. Wote wawili walijua maji yako wapi. Yalikuwa bado mdomoni.

"Kusimamisha inawezekana," Chande akasema polepole. "Ni vitufe viwili tu."

"Basi simamisha! Simamisha!"

Akabonyeza.

Mistari ikasita. Skrini ikakaa kimya, kama inafikiri kama ni kweli. Kisha ikaanza kwenda tena, upesi, na safari hii ilikuwa inarudi nyuma.

"Sasa tia muhuri," Harmse akasema.

"Hakuna cha kutiwa muhuri."

"Nini?"

"Umeniambia nisimamishe. Nimesimamisha. Ni mzigo mmoja, uliutaka hivyo mwenyewe. Ukikatiza katikati inarudisha kila kitu kilivyokuwa. Hata ukiipiga risasi sasa, siku itakayowashwa itaanza kwa kurudisha." Chande aligeuka kumtazama, miwani imemkaa upande. "Mama yangu anaitwa Tuneya. Ulipaswa kuniuliza."

Harmse alinguruma. Akanyoosha mkono, mdomo wa Glock ukatafuta paji la uso la Chande.

Mkono wa Abdia ulikuwa umeshazama ndani ya dumu.

Beretta ilitoka ikichuruzika maziwa, na nailoni yake juu. Hakuivua.

Risasi moja.

Glock ikaruka, ikagonga nguzo ya hema. Harmse aliushika mkono wake akapiga kelele ya mtu asiyewahi kupigwa yeye. Abdia alikuwa juu yake kabla kelele haijaisha. Goti mgongoni. Kiwiko shingoni. Akavuta waya wa mtandao kutoka nyuma ya seva, akamfunga mikono, akakaza fundo kama la kufungia ndama mkaidi.

"Uwanja wa ndege," akasema akihema. "Miwa. Lala chini."

*

Pii moja ndefu ilikuwa imebaki. Chande aliiuliza mashine swali moja la haraka. Mashine ikajibu mstari mmoja.

Malka Guracha: njia ya mifugo.

Akauliza la pili. Golbanti. Tuneya. Shamba.

Kisha betri ikakata roho na skrini ikawa nyeusi.

Vumbi likatua juu ya meza. Abdia alifuta bastola kwa mtandio wa wifi yake, akajua atanuniwa.

"Usidhani nimefanya kwa ajili ya ng'ombe wenu," Chande akasema.

"Sikudhani."

"Mwaka jana walikula kila kitu."

"Nilikusikia. Wakirudia, njoo uwashitaki kwa kaka yangu mwenyewe. Sasa bado mna mpaka wa kugombania. Leo asubuhi hamkuwa nao."

Chande akaokota kikombe cha chai kilichovunjika mpini, akachota maziwa ya dumu, akanywa, akakunja uso, akanywa tena.

Nje, kambi ilikuwa imelala kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Mlinzi Baya alikuwa juu ya tangi la maji, amelikumbatia kwa mikono na miguu. "Mama maziwa!" akaita. "Wameisha? Nishuke?"

"Tupa bunduki kwanza, mwanangu."

Bunduki ikaanguka. Kutoka barabara ya Garsen zilisikika gari, nyingi, na king'ora kimoja kinachokoroma. Watu wa Kenga. Wamechelewa kama kawaida yao, na kama kawaida yao wataandika kwamba walifika kwa wakati.

Simu ikalia kibindoni.

"Kipungu. Hali?"

"Imetema, bwana mkubwa. Yote. Bwana Harmse yuko tayari kuchukuliwa. Njooni na daktari mmoja wa mtu na mmoja wa ng'ombe."

"Na wewe?"

"Mimi naja nyumbani. Mwambie mama asimpe mtoto uji wa jioni, nitampa mwenyewe."

Ukingoni, maji ya Tana yalikuwa yamegeuka rangi ya migongo ya ng'ombe. Walisimama humo mpaka magoti, mpaka vifua, pua ndani, hawasikii dunia. Ndama mmoja alikuwa anapiga maji kwa kwato kwa furaha tu. Dadacha alikuwa amechuchumaa kando ya fahali aliyekufa, mkono wake juu ya pembe. Qabale alikuwa amesimama nyuma yake, na bila shaka alikuwa ameshamwambia lile jina, maana uso wa Dadacha ulikuwa umelowa na hakuwa ameyafikia maji.

Alipomwona Abdia akiisukuma Yamaha kutoka mikomani alisimama upesi, akajikausha kwa mkono, akarudisha ukali wake mahali pake.

"Hiyo mashine ya serikali yako," akasema, akionyesha hema kwa kidevu. "Sasa nasema nini?"

Abdia aliwasha Yamaha. Ikanguruma kwa teke la kwanza.

"Inasema mpite."

Dadacha aliutazama waya uliokatika, akayatazama maji, akawatazama ng'ombe wake wakinywa.

"Sisi kwisha pita," akasema.

Abdia akaingiza gia, akaondoka.